Pongezi kwa Waokoaji wa Kariakoo

Jengo la ghorofa nne lilipoporomoka Kariakoo, jijini Dar es Salaam, tarehe 16 Novemba 2024, kama lilivyoanguka lile la Mtaa wa Indira Gandhi mwezi Machi 2013, askari wa Zimamoto na Uokoaji, pamoja na wanajeshi na raia, waliingia kifusini, usiku na mchana, wakizitafuta roho zilizosalia chini ya zege. Lakini vumbi la saruji hudhuru mapafu, na mayowe ya siku ile huweza kumrudia mtu usingizini miaka mingi baadaye. Basi taadhima yetu haitimii kwa makofi, bali kwa kuwapima waokoaji hao afya daima, na kuwaenzi wale ambao, mwenzao akishikwa na kikohozi au huzuni, humjulia hali, humchangia dawa na kumsitiri. Kuwashukuru hao ni faradhi.