Sifa kwa Mziba Upepo

Tabo, yaani turbo ya injini, ikianza kupoteza upepo, dereva hutafuta mchawi kila mahali isipokuwa kwenye mipira ya hewa. Atalaumu dizeli ya kituo cha jana, atalaumu magunia ya maharage yaliyoongezwa njiani. Fuso iliyokuwa ikipanda kutoka Kigoma mjini kwenda Kasulu bila kulalamika sasa inaomba gia ya chini kwenye kila mwinuko na kutema moshi mweusi. Akifika kijiweni hukumu inamsubiri: tabo imekufa, tafuta nyingine. Mara nyingi tabo ni nzima kabisa. Kilichokufa ni mpira uliochanika chini ya klipu, mahali ambapo jicho halifiki.

Nataka kumsifu fundi anayekataa hukumu hiyo. Wapo mafundi hodari wa kufungua injini na kuisuka upya, na heshima yao wanaipata. Huyu wa kuziba hana sifa mjini, kwa sababu akimaliza kazi hakuna kitu kipya cha kumwonyesha mwenye gari.

Kazi yake ina uzito wa pekee kwenye nyanda za Kasulu na Kibondo. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, nasi wa huku juu tumelipita kwa mamia ya mita. Kwenye mwinuko wa mita 1,300 mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu asilimia 14 ukilinganisha na Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo inaukubali upungufu huo na kunyamaza. Yenye tabo ina dawa. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza mwaka 1905 kwa wazo la kutumia moshi unaotoka kwenye injini kuzungusha mapanga yanayoisukumia hewa injini hiyohiyo. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak huko Colorado, zaidi ya mita 4,000, akaonyesha kwamba kwa tabo injini inarudishiwa nguvu ambazo mlima umeinyang'anya. Kwa hiyo mtu wa Kibondo asidhani tabo ni anasa ya wapenda mbio. Tangu ujana wake ilijaribiwa kwa ajili ya watu wa juu.

Ila hewa iliyoshindiliwa haina uaminifu. Inatafuta pa kutokea, na barabara zetu zimeisaidia sana. Lami imekuwa ikisogea, lakini kwa miaka mingi malori ya mahindi, ya muhogo na ya chakula cha kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta yametetemeka juu ya changarawe iliyojikunja mawimbi mawimbi. Mtetemo unalegeza klipu, vumbi jekundu linaingia kwenye ungio na kusaga mpira, mafuta yanayotiririka kutoka kwenye tabo yanaulainisha. Upepo ukivuja, mapanga yanalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufidia, hewa inazidi kupata joto, dizeli inakosa hewa ya kuungua nayo. Ndiyo sababu ya ule moshi. Ukiiacha hivyo muda mrefu, tabo itakufa kweli, na kijiwe kitajisifu kwamba kilisema.

Magari ya petroli yana kipengele kimoja zaidi ambacho dizeli nyingi hazina, kwa kuwa hazitegemei kilango cha kuzuia hewa kama petroli. Chukua Subaru Forester yenye tabo. Dereva akiachia akseleta, kilango kinafunga ghafla huku tabo bado inasukuma. Hewa ikikosa njia inarudi kuyapiga mapanga. Hapo ndipo valvu ya blo-ofu inapofunguka na kuitoa. Kwa jinsi kiwanda kilivyoipanga, inairudisha kwenye mpira ulio kabla ya tabo. Vijana huitoa nje ili ipige ule mluzi. Sina chuki na mluzi, lakini kwenye gari la aina hiyo kifaa kinachopima hewa kimeshaihesabu hewa iliyotupwa, na petroli yake inaletwa hata hivyo. Ni kulipia kelele kituoni.

Shida kubwa ya valvu hii ni pale inapovuja wakati inatakiwa kufunga. Springi imechoka, kiwambo cha mpira kimepasuka, au kile kimpira chembamba kinachokiunganisha na mgandamizo wa injini kimeota ufa. Kwa Mitsubishi za miaka ya mwanzo ya 1990 kuna ujanja uliozunguka dunia nzima: valvu ya chuma inabanwa kwenye jiliwa, kofia yake inabonyezwa milimita chache, springi inakaza, nayo inastahimili upepo mwingi zaidi. Ni kazi ya mkono mwepesi. Ukizidisha, haifunguki tena kwa wakati na mapanga yanaumia. Ndiyo maana namheshimu zaidi fundi anayeanza na kikalio cha valvu, akakisafisha, akabadilisha oringi, akavuta kiwambo kwa mdomo kuona kama kinashika, na jiliwa akaliacha liwe la mwisho.

Kipimo chake hakihitaji kompyuta. Anachomoa mpira wa hewa mbele ya tabo, anauziba kwa kipande cha bomba alichokitobolea nozi ya tairi, anaunganisha kompresa ileile ya kujazia upepo na kuingiza kidogo kidogo, asipite kiwango ambacho injini yenyewe hutumia. Kisha anazima redio, anawanyamazisha watazamaji, anapaka povu la sabuni kwenye kila ungio. Povu halidanganyi.

Kuitunza hewa kabla ya kuitumia ni elimu ya zamani katika pande hizi. Jirani zetu wa Kagera waliyeyusha chuma kwa mivukuto ya ngozi, na miaka ya 1970 wazee wa Kihaya walijenga tanuri upya mbele ya watafiti. Watafiti hao, Peter Schmidt na Donald Avery, waliandika mwaka 1978 kwamba mabomba ya udongo yalipenyezwa ndani ya tanuri hata hewa ikapata joto kabla ya kuufikia moto. Wengine wamebishana nao juu ya hilo. Injini inataka kinyume, hewa ipoe kwenye intakula kwanza. Lakini ngozi ya mvukuto ikitoboka, mhunzi hakununua mvukuto mwingine. Alitafuta tundu.

Tatizo letu ni malipo. Fundi analipwa kwa kubadilisha kitu, halipwi kwa kugundua, ndiyo maana wengi wanashauri tabo mpya. Basi, mwenye gari, kabla hujatoa fedha ya tabo ya mtumba, omba kipimo cha sabuni, na fundi akikuta ni klipu tu, mlipe saa yake yote.