Mtungi wa Bibi Marthe

Hakimu Adam akisema uongo, sikio hufurahi kabla akili haijamshika. Mwaka 1937 sinema ya Ujerumani ilikuwa ingali changa katika kusema, lakini Gustav Ucicky, alipoigeuza tamthilia ya Heinrich von Kleist kuwa filamu, Der zerbrochene Krug, aliwaacha wanakijiji watamke mizani ya mshairi badala ya kuwashushia lugha ya mtaani.

Kisa ni kidogo. Katika kijiji cha Huisum, Uholanzi, mtungi umevunjwa usiku chumbani kwa binti aitwaye Eve, na mama yake, Bibi Marthe, amekuja kushtaki. Anayeisikiliza kesi ndiye aliyeuvunja. Ana majeraha kichwani, wigi lake halionekani, na mkaguzi kutoka Utrecht amewasili asubuhi ile ile. Wigi liko wapi? Paka amezalia ndani yake, asema Adam. Emil Jannings, anayemwigiza Adam, mwigizaji wa kwanza kabisa kutunukiwa Oscar, alikuwa amekomaa katika filamu bubu. Uso wake ulishajua kusema peke yake, na ulimi ulipopata kazi, viwili hivyo havikugombana.

Lakini aliyenikaa moyoni ni Bibi Marthe. Kwa Kleist, akiulizwa mtungi ulikuwaje, mama huyu hana haraka. Anaonyesha tundu: hapa, pasipo na kitu sasa, Philipp wa Hispania alikuwa akikabidhiwa majimbo yote ya Uholanzi. Hapa alisimama Kaisari Karl na mavazi yake ya enzi. Imebaki miguu tu. Akimaliza picha anaanza nasaba: nani aliuteka vitani, nani aliurithi, moto gani uliushindwa. Mahakama inachoka, yeye bado. Anaomboleza, nasi tunacheka, na kicheko hakimpunguzii heshima hata chembe.

Wenye haraka hawakuanza leo. Goethe mwenyewe alipoipeleka tamthilia hii jukwaani Weimar mwaka 1808, aliikata vipande kwa vitendo vitatu, ilhali iliandikwa imiminike kwa pumzi moja. Watazamaji waliikataa. Miaka mitatu baadaye Kleist alijiua.

Leo maikrofoni inanasa hata pumzi ya mwigizaji, lakini nani anampa nafasi ya kuimaliza sentensi ndefu? Hotuba ya Bibi Marthe ingefutwa kwenye muswada. Wangeubakiza mtungi na kuitupa nasaba yake, kisha wakashangaa kwa nini hakuna anayeusikitikia.

Linaloniuma zaidi ni kinywa chenyewe. Mwaka 1941 Jannings aliigiza Ohm Krüger, filamu ya propaganda ya Wanazi, na baada ya vita hakurudi tena mbele ya kamera. Aliyemchora hakimu mwongo kwa ustadi ule aliukodisha ustadi huo huo kwa waongo wenye jeshi, na kila nisikiapo mizani yake, raha na hasira hunijia pamoja.