Alunga: jinsi kinyago cha Wabembe kilivyojenga hofu

Alunga ni chama cha wanaume cha Wabembe, wakazi wa teritwari ya Fizi katika Kivu ya Kusini, magharibi mwa Ziwa Tanganyika. Chama hicho kilisimamia nidhamu ya jamii na sherehe za kabla ya windo. Kinyago chake, nacho huitwa alunga, ni shule kamili ya ufundi wa kutisha: kila sehemu yake humnyang'anya mtazamaji kimbilio moja.

Kimbilio la kwanza ni mgongo. Kinyago huchongwa kwa mti mfano wa kengele, kikavikwa kichwa kizima. Kina nyuso mbili, mbele na nyuma, kila moja ikiwa na macho makubwa ndani ya vishimo vipana vilivyopakwa rangi nyeupe. Anayezunguka nyuma ili asionekane hukuta macho mengine yakimkodolea. Juu huchomekwa manyoya ya ndege na miiba ya nungu.

Kimbilio la pili ni kumtambua mtu. Vazi la nyuzi za mimea humfunika mvaaji, na jina lake hufanywa siri. Hata sauti yake haisaidii, maana alunga huimba kwa sauti nzito ya kukwaruza. Sikio, ambalo lingemfichua jirani, huthibitisha kile ambacho jicho limeanza kuamini.

Riwaya haina kinyago wala vazi, lakini kanuni hiyo inaifaa. Katika *Mirathi ya Hatari* ya C. G. Mung'ong'o, iliyotoka mwaka 1977, kijana anarithishwa uchawi na baba yake mzazi. Kimbilio linaloondolewa hapo ni nyumba: tishio linatoka kwa mtu ambaye mtoto angemkimbilia.

Filamu ina mtihani mgumu zaidi. Tangu Mussa Banzi alipotoa *Nsyuka* mwanzoni mwa miaka ya 2000, watengenezaji wa Tanzania wameyapa mazimwi sura kwa vipodozi na kompyuta. Kamera, hata hivyo, husogea karibu kuliko mtazamaji yeyote wa ngoma, na sura ikikaa mno mbele ya jicho, mtu huanza kuona rangi na kumtambua mwigizaji. Kimbilio la pili linarudi, na hofu inapungua. Kwa hiyo mwongozaji anahitaji siri ileile ya alunga: zimwi lisikike kwanza, lionekane kidogo, na mwili wa mwigizaji usijitokeze kamwe.