Bastola Tupu Haivumi

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Bastola tupu ni kinyume chake: haivumi, na kwa kuwa haivumi, husema kweli.

Nililigundua hilo sebuleni kwa rafiki yangu mmoja anayeshindana katika kulenga shabaha. Alichomoa magazini, akaikoki bastola mara mbili, akachungulia chemba, kisha akaingiza ncha ya kidole asije akadanganywa na jicho. Risasi zote alikuwa amezifungia chumba kingine. Akasimama mbele ya ukuta mweupe usio na picha wala alama, akanyoosha mkono. Kimya. Kisha: ta! Mlio mdogo kama wa kalamu inayobonyezwa. Akashusha mkono, akavuta pumzi, akakoki, akaanza upya. Nusu saa nzima.

"Unalenga nini na ukuta hauna kitu?" nikamuuliza.

"Ndiyo maana nimeuchagua," akanijibu. "Nikibandika shabaha, jicho litaikimbilia. Hapa sina pa kutazama ila kile kijino cha mbele, juu ya mtutu."

Kijino hicho ndicho mwalimu. Bastola ikiwa na risasi, mwili unajua kishindo kinakuja. Hujikaza mapema, mkono ukausukuma mtutu chini kidogo, na kosa lenyewe likamezwa na mlio pamoja na teke la silaha. Mpigaji anaona tundu limekwenda kombo, analaumu upepo. Bastola tupu haimpi pa kujificha. Kijino kikitikisika pale kifyatulio kinapoachia, anakiona wazi. Rafiki yangu aliweka sarafu juu ya mtutu, akavuta. Ta! Sarafu ikabaki imelala. Nilipojaribu mimi, ilidondoka sakafuni hata kabla ya mlio.

Hapo ndipo nilipouelewa ufundi huu. Katika mashindano ya Olimpiki ya bastola ya hewa, mita 10, kifyatulio hakiruhusiwi kuwa chepesi kuliko gramu 500, yaani nusu kilo ya sukari. Duara la alama kumi lina kipenyo cha milimita 11.5, kadiri ya kifungo cha shati. Katika hatua ya mchujo mlengaji hupiga risasi 60 ndani ya dakika 75. Kwa hiyo kidole kimoja kibebe nusu kilo mara sitini, na kila mara mkono wote ubaki kama haujaambiwa kitu. Utulivu wa namna hiyo haununuliwi kwa maboksi ya risasi.

Wala mtu hazaliwi nao. Károly Takács, sajini wa jeshi la Hungaria, alikuwa hodari wa bastola hadi mwaka 1938, bomu la mkono lilipomlipukia mazoezini na kuuharibu mkono wake wa kulia, ule aliolengea. Akaanza kuufundisha wa kushoto, kimyakimya, mbali na macho ya watu. Mwaka uliofuata akatwaa ubingwa wa taifa. Vita vikafuta Olimpiki mbili. London mwaka 1948, akiwa na miaka 38, akachukua dhahabu ya bastola ya kasi, mita 25, akairudia Helsinki mwaka 1952. Mkono ule wa kushoto haukuwa na kipaji cha kukumbuka. Ulijengwa tendo kwa tendo, kama ukuta wa matofali.

Rafiki yangu alipotosheka, alitamka kwa sauti, "Nimemaliza," akaifungia bastola kabatini. Nikamwomba anionyeshe mara moja tu ya mwisho. Akatikisa kichwa. Hiyo "mara moja tu", alisema, hupigwa na mtu ambaye ameshajaza risasi, huku kichwa chake kikiwa bado mazoezini.

Niliugeukia ukuta. Ulikuwa mweupe vilevile, hauna hata tundu.