Mbio Zisizo na Mkeka

Huku kwetu, kuanzia Mtwapa mpaka Malindi, farasi ni mnyama wa kwenye skrini. Punda tunao, wanavuta maji na mchanga kila siku. Ngamia wa kupigwa picha na watalii utamkuta ufuoni. Lakini mbio za farasi za kweli, zenye vumbi na jasho, ziko Nairobi kwenye uwanja wa Ngong, ambako zimekuwa zikiendeshwa tangu 1954, na nauli ya kutoka Kilifi kwenda kuzitazama yatosha kula wiki nzima. Zinazotufikia ni zile za duka la kubeti: televisheni ukutani, farasi waliochorwa na kompyuta, mbio mpya kila baada ya dakika chache. Namba 4 ameshinda, karatasi zinatupwa chini, haya, mbio nyingine. Hakuna anayeuliza namba 4 alilala vipi jana.

Umamusume: Pretty Derby inauliza. Nimeicheza tangu ilipotoka kwa Kiingereza Juni 2025 (Wajapani walikuwa nayo tangu Februari 2021), na hoja yangu ni moja tu: sijaona gemu ya mbio inayoeleza vizuri kama hii kwa nini mtu hushindwa, na pia sijaona inayojua vizuri kama hii pa kuificha kamari.

Kwanza tumalize kicheko. Ndiyo, farasi wa mbio waliokuwepo kweli Japani wamezaliwa upya wakiwa wasichana wa shule wenye masikio ya farasi na mkia. Ndiyo, anayeshinda hupanda jukwaani akaimba. Cheka, nitakungoja. Ukimaliza utagundua kwamba chini ya hizo sketi na nyimbo kuna gemu ya umeneja iliyo kavu kama daftari la chama.

Wewe ni mkufunzi. Hupandi, hushiki hatamu. Joki hayupo kabisa, msichana anakimbia mwenyewe, na mbio zikianza kazi yako imeshakwisha. Unatazama tu. Mtu aliyezoea mpira wa pleisteshoni atasumbuka sana hapa, vidole vinawasha na hakuna cha kubonyeza.

Kazi yenyewe iko kabla ya lango kufunguka. Una miaka mitatu ya gemu, kila mwezi zamu mbili, jumla zamu 72. Kila zamu unachagua jambo moja: mazoezi, kupumzika, kwenda kutembea, zahanati, au kuingia mbio. Mazoezi yako matano, na hapa natafsiri mwenyewe: kasi, pumzi, nguvu, moyo na akili. Mgeni akiona neno kasi hudhani ndiyo mbio yote. Basi anapiga kasi, kasi, kasi, anapata msichana anayeruka kama risasi kwenye mita 1200, halafu kwenye mita 2400 anazima njiani kama basi la Lamu lililoishiwa dizeli.

Kwa anayeanza leo ningesema achukue Sakura Bakushin O. Farasi halisi mwenye jina hilo alishinda Sprinters Stakes mwaka 1993 na tena 1994, na gemu imemjenga vilevile, wa masafa mafupi. Ukiwa naye hesabu ya pumzi haikuumizi kichwa sana, unapata nafasi ya kujifunza mengine. La pili, usifuate zoezi, fuata watu. Unaingia na kadi sita za wasaidizi, tano zako na moja ya kuazima kwa mchezaji mwingine, na kila zamu hao wasaidizi hujigawa kwenye mazoezi. Walipo watatu, nenda hapo, hata kama hilo zoezi hukulitaka. Miezi ya mwanzo ni ya kujenga urafiki, faida itakuja urafiki ukishajaa. Na ile kadi ya kuazima, azima iliyo kali kuliko zote utakazoziona. Kuazima ni bure, bana.

Halafu kuna kupumzika, na hapa ndipo gemu inaponishika.

Msichana ana mstari wa nguvu juu ya skrini. Kila zoezi linaupunguza (la akili peke yake humrudishia kidogo), na mstari ukishuka kila kitufe cha mazoezi kinakuonyesha asilimia ya kufeli. Asilimia 12. Asilimia 30. Sasa kijana aliyelelewa na odds akiona 30 ya kufeli anasoma 70 ya kupita, na 70 kwake ni pesa ya wazi. Anabonyeza. Msichana anaumia, takwimu zinashuka, hali yake ya moyo inashuka, na zile zamu mbili tatu zinazofuata zinaliwa na kumrekebisha. Wanaocheza vizuri ni wale wanaopumzisha mapema bila kuombwa. Julai na Agosti za mwaka wa pili na wa tatu kuna kambi ya ufuoni ambapo kila zoezi linalipa zaidi, na mkufunzi mzuri utamjua kwa kuwa msichana wake anaingia kambini akiwa amelala vizuri.

Kuna mzee wa mkokoteni Malindi anayetuletea maji mifereji ikikauka. Nilimuuliza anajuaje punda wake amechoka. Akaniambia, "Masikio, mwanangu. Na akikanyaga. Ukingoja mpaka alale chini, ushachelewa." Yeye hana mstari unaobadilika rangi. Lamu, ambako mbio za punda ni sehemu ya sherehe za Maulidi na huyo mnyama ni lori, ni pikipiki, ni kila kitu, Donkey Sanctuary wana kliniki tangu miaka ya 1980, kwa sababu si kila mwenye punda huyatazama masikio. Kiswahili kina neno la mtu ambaye kazi yake ni hiyo ya kutazama: saisi. Siku hizi nalikuta kwenye kamusi kuliko mdomoni mwa watu. Umamusume inakupa kazi ya saisi, ila imekugeuzia masikio kuwa namba. Umepata uwazi, umepoteza jicho. Mimi bado naona ni biashara nzuri, maana hata hiyo namba wengi hawaitii.

Na kwa sababu ya namba hizo, kushindwa kuna maelezo. Bahati ipo, sitakudanganya. Msichana anaweza kuzibwa katikati ya wenzake mita 300 za mwisho na usiwe na la kufanya. Lakini mara nyingi ukirudi nyuma utaikuta sababu imekaa inakungoja: pumzi haikufika, uwanja ulikuwa wa mchanga na yeye ni wa nyasi, umemweka akimbie mbele ilhali tabia yake ni kuvizia nyuma. Ile televisheni ya dukani haina kitu hicho. Namba 4 ameshinda kwa sababu mashine imesema namba 4. Huwezi kusoma chochote pale ukakitumia kesho, ingawa nimewaona watu wazima wakiandika matokeo kwenye daftari wakitafuta mpangilio.

Sasa angalia kilichotolewa. Kwenye ulimwengu wa Umamusume viwanja vimejaa mashabiki, watu wanalia, wanapeperusha bendera, na hakuna mtu anayebeti. Hata mmoja. Mbio halisi za Japani zinaishi kwa pesa za tikiti za kubeti, kama zilivyo mbio za farasi karibu kote duniani. Gemu imeufuta mkeka kabisa ikabakisha mapenzi. Ukitoka mtaani kwetu, ambako mechi ya jioni haitazamwi mpaka mtu awe na kitu juu yake, unaingia humo unajisikia kama umefunguliwa dirisha.

Kisha unafungua ukurasa wa kadi.

Zile kadi za wasaidizi, na wasichana wenyewe, hupatikana kwa kuvuta. Kuvuta mara moja ni karati 150, hiyo ndiyo sarafu ya humo, na karati hupewa bure kidogo kidogo au hununuliwa kwa pesa. Uwezekano wa kupata kadi ya daraja la juu ni asilimia 3. Piga hesabu: ukivuta kumi, zaidi ya mara 7 kati ya 10 hutapata hata moja. Na hiyo ni ya daraja la juu yoyote. Ile hasa inayotangazwa, ambayo kila mtu anaitaka, iko chini ya asilimia 1. Halafu, na hapa ndipo mtu anapaswa kuketi, kadi moja haitoshi. Ili ifike mwisho wa nguvu zake unahitaji nakala tano za kadi ileile.

Basi kamari haikufutwa. Ilitolewa uwanjani ikawekwa dukani. Na ilivyowekwa ni werevu mtupu, kwa sababu ule mvuto wote wa mbio, yule msichana ambaye umemlaza, umemtibu, umemtembeza miaka mitatu, sasa ndio unaokusukuma uvute. Kwenye duka la kubeti namba 4 si mtu wako. Huku ni mtu wako.

Cygames, wenye gemu, wanalijua hili kuliko mtu yeyote. Mwanzoni mwa 2016, kwenye gemu yao nyingine iitwayo Granblue Fantasy, mchezaji mmoja Japani alijirusha mtandaoni moja kwa moja akivuta na kuvuta akimtafuta mhusika mmoja, mpaka akamaliza karibu yen 700,000. Fujo iliyozuka ndiyo iliyowafanya waweke dari: ukivuta mara 300 unachukua unachotaka. Kwenye Umamusume dari ni 200, yaani karati 30,000. Ushauri wa kawaida wa wachezaji wasiolipa ni huo huo, weka akiba mpaka ufike 30,000 ndipo uguse kitufe. Ni nidhamu ya merry-go-round ya kina mama, na nauheshimu. Ila kuna mtego. Tangazo la kadi likiisha, hesabu yako ya kufikia dari inaisha nalo. Ukiwa umevuta 150, zamu yako imeruka, na hakuna mweka hazina wa kumlalamikia.

Je, inachezeka bila kulipa? Inachezeka, na kwa raha. Hadithi za wasichana zimeandikwa vizuri kuliko zilivyohitaji kuandikwa, na kadi ya kuazima inafanya kazi kubwa. Pale utakaposhindana na wachezaji wengine ndipo utakapoona ukuta. Tatizo langu haliko kwenye bei. Gemu inayokufundisha zamu 72 kwamba asilimia 30 ni hatari, kwamba mtu mzima hupumzisha mnyama wake, inakupeleka dukani kwake na kukuambia asilimia 3 ni matumaini. Ukurasa mmoja unaubishia mwingine, na mwenye kulipwa ni mmoja wao.

Msichana anayebeba ubishi huu wote anaitwa Haru Urara. Utampata mapema, ana nyota moja tu. Farasi mwenyewe alikimbia Kochi, uwanja mdogo wa mkoani uliokuwa unakaribia kufungwa kwa kukosa pesa, kuanzia 1998 hadi 2004. Mbio 113. Ushindi sufuri. Kadiri alivyoshindwa ndivyo watu walivyompenda, na Machi 22, 2004 Yutaka Take, joki mkubwa kuliko wote Japani, alikwenda Kochi kumpanda. Watu 13,000 walifurika. Alimaliza wa 10 kati ya 11. Watu walikuwa wakinunua tikiti zake na kuziweka kwenye gari kama hirizi ya kuzuia ajali, kwa kuwa kwa Kijapani neno la tikiti kushinda na neno la kugongwa ni lilelile. Mkeka ambao thamani yake ni kutopata! Hebu mpelekee fundi wa odds wa mtaani kwenu hiyo.

Gemu inamfanyia nini? Yeye ni wa masafa mafupi, wa mchanga. Hadithi yake inampeleka mpaka Arima Kinen, mita 2500, nyasi. Ni kama kumtoa punda wa Shela ukampeleka Ngong siku ya Derby. Na wachezaji, kwa ukaidi, wamefanya kazi ya kumshindisha hapo: unalea wasichana wengine kizazi baada ya kizazi ili wamrithishe uwezo wa masafa marefu na wa nyasi, kidogo kidogo, majuma kwa majuma. Inawezekana. Nimeona video. Binafsi sioni raha yake, naona ni kumsahihisha mtu ambaye hakukosea. Wangu namwacha akimbie mchanga wake mita 1200, na hata huko anashinda, jambo ambalo mwenye jina hakulifanya hata siku moja.

Lakini kuna kitu kilichotokea nje ya gemu ambacho sikukitarajia kutoka kwa umma wa wavuta kadi. Gemu ilipotoka kwa Kiingereza Haru Urara halisi alikuwa bado hai, kikongwe, kwenye shamba moja mkoani Chiba. Mashabiki wa nje wakagundua kuna mfumo wa kumchangia farasi aliyestaafu nyasi za kula. Wakamiminika mpaka tovuti ya michango ikazidiwa. Alikufa Septemba 9, 2025, akiwa na miaka 29. Katika pesa zote nilizosikia zikitajwa juu ya gemu hii, hizo ndizo pekee ninazojua ziliishia mdomoni mwa farasi.