Vituo vya Haymu Tipe

Mjukuu wa mhamiaji kule Marekani akitaka kujua babu yake aliingia vipi, huanzia kwenye orodha za abiria wa meli. Kituo cha Ellis Island, New York, kilipokea zaidi ya watu milioni 12 kati ya 1892 na 1954. Kwetu Tanzania, Mbulu haina bandari, na Wairaqw walipoingia huko hapakuwa na karani mpakani. Safari yao wameitunza wazee, vichwani mwao.

Simulizi huanzia mahali paitwapo Ma'angwatay, chini ya kiongozi wao Haymu Tipe. Akagombana na vijana wa Kiiraqw, nao wakamteka mwanawe wa pekee, Gemakw, na vita na Wabarbaig vikafuata. Mzee akakimbia na waliosalia, Gemakw akiwamo. Huko Guser-Twalay Gemakw akaugua, akafariki. Baba akaendelea hadi Qawirang, katika msitu ulio magharibi ya Ziwa Manyara, akatua. Nchi hiyo ndiyo ikaja kuitwa Irqwar Da'aw.

Ufundi wa wasimulizi hao naustahi mno. Guser-Twalay hapakuwa makao ya kudumu, na msimulizi mvivu angepapita tu. Aliyefunzwa vizuri hapapiti, maana mtoto alifia hapo. Daftari la meli litakupa umri wa abiria na mji alikotoka. Ni nadra likuambie alimzika nani njiani.

Fundi mzuri hasikilizi upande mmoja. Hufika hadi Hanang kwa Wabarbaig, ambao ni Wadatoga, akasikie na wao wanasemaje. Hao nao wana safari yao: Wamaasai waliwaondoa Ngorongoro katika karne ya 19, na makaburi ya wakubwa wao yangali ndani ya kreta ya huko. Mzee mwenye heshima hujengewa bung'eda, kaburi la kilima cha udongo. Ukoo huhama, kilima hubaki kushuhudia.

Lugha nayo hutoa ushahidi. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, na ndugu zake wa karibu wako kusini zaidi: Kigorowa huko Babati, Kialagwa na Kiburunge upande wa Kondoa. Wapo wanaoivuta safari ya Wairaqw nyuma hadi Mesopotamia. Mimi nasimama pale ushahidi unaposimama.

Kijana wa Haydom au Katesh anayetaka kuanza kazi hii, amwamkie babu yake, akae, asikimbilie kuuliza ukoo umetoka wapi. Aulize kwanza walilala wapi, nani aliachwa hapo, na ni jirani gani anayeweza kuisimulia habari ile ile kwa namna nyingine. Kisha avuke bonde, amfuate huyo jirani.