Utingo Hayumo

Usukani wa Logitech G29 unazunguka nyuzi 900, mizunguko miwili na nusu, kama wa gari lenyewe. Ndani yake kuna mota zinazoshindana na mikono yako. Nilipokuja likizo Ifakara niliufunga kwenye meza ya kulia ya mjomba, nikawasha WRC 9, nikachagua Kenya. Gemu hiyo ilitoka Septemba 2020, mwaka ambao Safari Rally ilikuwa irudi kwenye ubingwa wa dunia, korona ikaizuia. Kwa hiyo watu walishaikimbia sebuleni kabla madereva wenyewe hawajafika Naivasha, Juni 2021.

Mjomba anaendesha Fuso kati ya Ifakara na Mlimba, anabeba mpunga. Akavuta kiti, akaondoa gari. Kwenye kona ya tatu matairi ya mbele yakapoteza mshiko na usukani ukawa mwepesi ghafla. Hakuukata zaidi. Aliachia mafuta, akasubiri uzito urudi mikononi, ndipo akakunja.

"Hapa hawajadanganya, mjomba," akaniambia.

Kweli hawajadanganya. Wepesi ule ndio ule ule wa utelezi wa masika, na sijui kitabu cha udereva kinachoweza kuufundisha hivyo.

Mbele kidogo akatumbukia mtaroni. Picha ikafifia, gari likarudishwa barabarani, sekunde kadhaa zikaongezwa kwenye muda wake. Mjomba akaachia usukani.

"Nani ametusukuma?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Nami nikakumbuka masika moja tulipokuwa wote kwenye Fuso, tukipita upande wa Mngeta. Maji yalikuwa yamefunika barabara. Mjomba alizima injini. Utingo akavua ndala, akashuka na fimbo, akatangulia. Maji yakamfika magotini, kisha mapajani. Mimi ndani ya kabini nilikuwa nasema twende tu, tunachelewa, gari iko juu hii. Miaka ya kucheza gemu ilikuwa imenifundisha kwamba kusimama ni kushindwa. Mara yule kijana akazama hadi kifuani. Fimbo ndiyo iliyomshika. Akageuka, akapaza sauti: "Kalavati halipo!" Tuliisikia kwa sababu injini ilikuwa imezimwa.

Tulilala pale. Hakuna aliyenikumbusha maneno yangu.

Kwenye gemu pembeni yako yupo msaidizi anayekusomea kona. Anazijua zote, hakosei, na hashuki kamwe. Hapo ndipo ninapoikosoa WRC 9, wala si kwenye mota zake. Imeigiza kile ambacho barabara inaufanyia mkono wa dereva, ikadhani barabara imeishia hapo. Bonde la Kilombero halina msaidizi wa namna hiyo, maana maji huiandika njia upya kila masika. Anayeisoma anaisoma kwa miguu yake, na akikosea, hakuna anayemrudisha barabarani kwa kumwongezea sekunde.

Naendelea kuicheza, na ninaipenda. Watengenezaji wakiniuliza kitu kimoja cha kuongeza, sitataka matope mazuri zaidi. Nitaomba kitufe cha kuzima injini katikati ya mashindano, mtu ashuke akaangalie, na saa isitudai chochote.